Mji wa Mito Mitatu Nyuma ya Kibanda cha Katunge

Simu iliita Jumapili baada ya kanisa, kama kawaida, na kabla Katunge hajapangusa mafuta mikononi, Wendy alikuwa amekwisha kujificha chini ya meza ya samaki.

"Wendy! Toka, ni Mwende."

"Mwambie nimelala."

"Umelala na unaongea?"

"Mwambie mimi huongea nikiwa nimelala."

Uso wa Mwende ulikuwa umeshatokea kwenye simu, na bila shaka alisikia kila neno, maana alicheka kidogo halafu akaacha. Nyuma yake palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha mto. Siku zote palikuwa na mto. Katunge aliielekeza simu chini ya meza ili binti yake amwone mtoto wake, lakini kilichoonekana ni goti moja na ndoo ya magamba.

"Mwache tu, Mama," alisema Mwende. "Niko na neno. Karatasi zimetoka. Nikimaliza mtihani, mwezi wa nane nakuja. Nakuja kumchukua."

Katunge alisema Bwana asifiwe. Alisema mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba ya kwanza haikufika mbinguni. Kisha akasema samaki wanaungua, akakata simu. Hakukuwa na samaki aliyekuwa akiungua. Hata karai lilikuwa halijapata moto.

Kibanda chake kiko Sagana, upande wa chini wa barabara kuu, pale magari yanayotoka Nairobi yanapoamua kama yanapanda Karatina na Nyeri au yanakata kwenda Kutus. Anakaanga samaki wa mabwawa, anawapakulia na ugali, na madereva wa malori wanamjua kwa jina la Mama Mwende. Jina la Katunge limebaki kwenye kitambulisho, na kinywani mwa Murugi, jirani yake anayeuza parachichi na ndizi, siku wanazokosana.

Hakuzaliwa karibu na maji. Kwao ni Ukambani, upande wa Mwingi, ambako mto ni mchanga. Karibu mwaka mzima mto wa kwao ni barabara nyeupe. Watu wanaufuata kwenda sokoni, mbuzi wanalala ndani yake, na ukitaka maji unapiga magoti na kuchimba kwa kata mpaka yachuruzike. Katunge alikuwa stadi wa kuchimba. Wanawake wazima walikuwa wakimwita, msichana mdogo vile, awaonyeshe mahali. Halafu akaolewa na Mwangangi, askari polisi, mtu mpole wa viatu vilivyong'aa, na kazi ikawazungusha mlima: Nyeri, Karatina, mwisho Sagana. Siku ya kwanza alisimama darajani akatazama mto umejaa huku jua likiwaka.

"Kumenyesha wapi?" aliuliza.

"Hakujanyesha," Mwangangi alimwambia. "Huu ni wa kila siku." Na akacheka mpaka kofia ya serikali ikamwanguka.

Mwangangi alipougua na kufariki, ndugu zake walikuja kutoka Mwingi kumrudisha mjane nyumbani. Aliwaambia mtoto yuko shuleni, hawezi kumhamisha. Hiyo ilikuwa kweli. Ila kweli nyingine, ambayo hakumwambia mtu, ni kwamba alikuwa amezoea kuamka akisikia maji ya kila siku.

Mtoto huyo ndiye Mwende. Alisoma, akasomea kuhudumia wagonjwa, akampata Wendy kabla hajajipanga. Baba ya Wendy alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, na safari moja akaondoka tu. Kisha nafasi ikatokea ya kwenda Ujerumani kujifunza kutunza wazee. Mwende alijifunza lugha mjini Nyeri, akamwachia mama yake mtoto ambaye hajamaliza hata meno, akaenda huku amefunika uso.

Wendy akajifunzia kuongea sokoni. Na sokoni kutwa nzima ni Mama Mwende, samaki wawili. Mama Mwende, ongeza chumvi. Mama Mwende, chenji yangu. Mtoto akaligawa jina hilo kadiri ya akili yake. Mama akawa huyu mwenye karai. Mwende akawa yule wa kwenye simu. Watu walicheka, Katunge akacheka nao, na hakumrekebisha. Mwanzoni alijiambia mtoto bado mdogo. Baadaye hakujiambia kitu. Jioni Wendy alipotoka shule ya chekechea na kuanza kuita "Mama!" tangu ng'ambo ya barabara, Katunge alikuwa akiacha anachofanya, hata kama ni mteja, ili alisikie neno hilo lote mpaka mwisho.

Sasa ulikuwa mwezi wa pili, na wa nane haukuwa mbali.

Mji wa Mwende, Katunge alikuwa ameujua kidogo kidogo, Jumapili baada ya Jumapili, kama unavyomjua jirani kwa kuongea naye juu ya ua. Unaitwa Passau. Katika nyumba ya wazee anayofanyia kazi kuna bibi mwembamba aitwaye Aigner ambaye hapendi kukaa ndani. Mwende humsukuma kwa kiti cha magurudumu kando ya maji, na kwa kuwa bibi huyo alizaliwa hapo, akaolewa hapo na kuzika watu wake hapo, kila kona ana la kusema. Mwende huyahifadhi mpaka Jumapili.

Siku aliyosikia kwamba mji umekaa kwenye ulimi wa nchi, mto mkubwa upande huu, mto mkubwa upande ule, na wa tatu unaingia kutoka ng'ambo, Katunge aliweka kisu chini.

"Ngoja kwanza. Watu wazima walikaa chini wakakubaliana kujenga hapo?"

"Ni kitambo, Mama. Karibu miaka elfu mbili. Warumi waliweka kambi ya askari. Mto ndio ulikuwa mpaka wao."

"Askari ni sawa. Askari anatumwa popote, nimeolewa na mmoja. Lakini hao wengine walifuata nini?"

"Chumvi."

Akamweleza. Chumvi ilitoka milimani, ikashushwa kwa mashua kwenye mto Inn, ule wa kijani. Ikifika Passau inapakuliwa, inavushwa, inapandishwa migongoni mwa farasi, inapitia misituni kwenda kwa watu ambao kwao hakuna chumvi. Kila gunia lazima lipite hapo. Na aliyepita na gunia alikula hapo, akalala hapo, akamlipa ushuru askofu, maana siku hizo askofu ndiye alikuwa mkubwa wa mji.

Katunge aligeuka akatazama barabara. Lori la mchele wa Mwea lilikuwa limesimama, utingo ananunua ndizi za Murugi, dereva anamngoja samaki.

"Kumbe ni steji!" alisema. "Si ungesema tangu mwanzo. Ni Sagana ya chumvi."

Mwende alimtafsiria Bibi Aigner maneno hayo, na inasemekana bibi alicheka mpaka akaombwa anywe maji.

Tangu siku hiyo Katunge alikuwa na maswali. Hakuuliza kama wazungu ni wazuri au kama baridi inauma. Aliuliza mji umejengwa kwa mawe ya wapi, na sokoni wanauza samaki gani. Mwende akampa na habari za miji mingine. Ouko, kijana aliyesoma naye lugha Nyeri, alikuwa ameajiriwa Koblenz, ambako mto Mosel unaingia Rhine, na hapo pia Warumi walikuwa wamefika na kujenga.

"Hawa watu," Katunge alisema, "wakiona mito miwili imesalimiana tu, wanaleta mawe."

Lakini uliompendeza zaidi ni Regensburg, kwenye Donau, mto uleule unaopita Passau. Hapo kuna daraja la mawe lenye zaidi ya miaka mia nane, na chini ya daraja kuna jiko dogo linalochoma soseji kwenye makaa. Watu wa huko wanasema lilikuwa likiwalisha wajenzi na wapakuzi wa mashua tangu zamani hizo. Mto ukipanda, maji yanaingia jikoni. Wanafunga, wanasugua, wanawasha tena. Katunge alitaka kujua makaa ni ya mti gani na moshi unatokea wapi. "Nisalimie mwenye jiko," alisema, na hakuwa akitania.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulipenda. Mito mitatu ya Passau ina rangi tatu: Ilz ni mweusi, kwa sababu unatoka kwenye kinamasi cha msituni, Inn ni wa kijani, kwa maji ya theluji, na Donau, mkubwa wao, una rangi yake kati ya bluu na kahawia. Ikikutana inatembea bega kwa bega kwanza, kila mmoja na rangi yake, halafu inachanganyika. Kutoka hapo unaitwa Donau.

"Na ni Inn ndio huleta maji mingi," alisema Mwende. "Bibi Aigner hukasirika kabisa. Ati ulileta maji, ukanyimwa jina."

"Na wenyewe unasemaje?"

"Mama, mto utasema nini? Unaenda tu."

Katunge aligeuza samaki ambaye hakuwa ameiva.

Wiki ile ya habari ya mwezi wa nane, aliwaza sana kuhusu kuku wa Murugi. Murugi alipohamisha kibanda alimfunga kuku wake mguu hapo hapo siku kadhaa, azoee mahali, asirudi kule kwa zamani akagongwa na gari. Ikiwa kuku anapewa siku zake, mtoto atapelekwaje mahali asipopajua, na mtu anayemkimbilia chini ya meza? Akachukua karai kuukuu, akamwita Wendy.

"Kuja. Tutengeneze mji wa Mwende."

Walileta kwa karai hilo mchanga safi wa mto, uliooshwa. Walijenga ulimi wa nchi nyuma ya kibanda, wakachimba mifereji mitatu, Katunge akamimina maji. Yakazama. Akamimina tena. Yakazama.

"Mto umeenda wapi?" Wendy aliuliza.

"Umeingia chini. Ukitaka kunywa, unachimba."

Alisema hivyo bila kufikiri, na machoni pake kazi ilikuwa imekwisha na mto ulikuwa mzuri. Murugi ndiye aliyeshika nguzo ya kibanda kwa kicheko.

"Wee Mama Mwende! Hebu nikuulize. Huko Ujerumani wanachimba mto na kikombe?"

"Mto bila mchanga ni mto gani?"

"Ukambani iko kwa damu, haitoki! Sasa meli itapitia wapi, chini kwa mchanga kama fuko?"

"Murugi, uza ndizi."

"Nitauza. Lakini hiyo kitu inataka udongo wa mpunga."

Murugi alizaliwa upande wa Kutus, kwenye mashamba ya mpunga, ambako mtu anaanza kutembea ndani ya matope. Kesho yake alikuja na gunia la udongo mweusi, akavua viatu, akaukanyaga kwa miguu kama anacheza ngoma, halafu akapaka mifereji kwa kiganja, polepole, kama anapaka mtoto mafuta. Safari hii maji yalisimama. Wendy alipiga makofi mpaka wateja wakaja kuona.

Mto Ilz waliutia vumbi la makaa. Inn wakautilia maji yaliyochemsha sukuma wiki. Donau ukapata udongo mwekundu kiasi, na maji yalipomiminwa pamoja yalitembea kweli bega kwa bega, urefu wa kiganja hivi, kabla ya kuchanganyika. Nyumba zilikuwa za karatasi za sabuni, za waridi na njano, kwa kuwa Mwende alisema mji uliwahi kuungua karibu wote, wakaita mafundi wa Italia waujenge upya kwa rangi kama za keki. Ngome ya askofu ilikuwa tofali. Katunge aliiweka katikati ya nyumba, kwa sababu miji yote aliyokaa yeye, kituo cha polisi kilikuwa katikati, karibu na soko.

"Mwende anakaa wapi?" Wendy aliuliza.

Katunge akampa punje ya haragwe. Wendy akaiweka kando ya mto mweusi, akaifunika kwa jani. Akapewa nyingine, kwamba hiyo ni ya Wendy. Aliigeuzageuza, akainua kichwa, akaitumbukiza mfukoni mwa aproni ya nyanya yake.

"Mimi niko hapa," alisema.

Katunge hakuitoa siku hiyo. Wala kesho yake.

Mwaka huo ni ule wa mvua kubwa. Mwezi wa nne mto Sagana ulipanda, wa rangi ya chai, ukipitisha migomba mizima na mlango wa choo cha mtu, na wenye vibanda wakahamia juu ya barabara wakibeba majiko yakiwa moto. Mji wa udongo uliyeyuka. Maji yalipoteremka, Wendy alikuwa wa kwanza kuuliza Murugi ataleta gunia lini. Walijenga tena, ukatoka mzuri kuliko wa kwanza.

Mwezi wa sita simu ya Mwende ikaingia siku isiyo Jumapili. Alionekana amefunga kitambaa kichwani, nyuma yake watu wanapita mbiombio. Aligeuza simu kuwaonyesha dirishani, na barabara ile waliyoizoea haikuwepo. Palikuwa na maji, na alama ya barabarani imechomoza, na mlango wa duka umefungwa kwa mbao na mifuko ya mchanga.

Kitu kikamgusa Katunge mguuni. Wendy alikuwa ametoka chini ya meza.

"Mwende amelowa?"

"Yuko juu. Hajalowa."

"Huo mji utabebwa?" Alikuwa ameishika aproni. "Kama utabebwa, mimi siendi. Sindio, Mama?"

Katunge alikuwa na mwiko mkononi. Alichotakiwa kusema kilikuwa neno moja dogo, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Picha ilikuwa hapo, maji yalikuwa hapo. Angesema eeh, na mtoto angelishika neno hilo kama chuma, na mwezi wa nane ungepita kama mwezi mwingine wowote. Alisikia utamu wake mdomoni kabisa.

Kwenye simu Mwende alikuwa akiendelea kuongea, hajui mama yake anaulizwa nini. Alikuwa akisema wamebeba wazee kwa mikono tangu asubuhi kuwapeleka ghorofa ya juu. Bibi Aigner alikataa kubebwa mpaka asogezwe dirishani kwanza, akaangalia maji, akasema bado hayajafika alama ya mwaka alioolewa. Kule kwenye ukuta wa nyumba ya baraza la mji wamechora urefu wa kila gharika na mwaka wake, na kuna alama ziko juu sana kuliko kichwa cha mtu.

"Haubebwi," Katunge alimwambia Wendy. Akaweka mwiko chini, akarudia. "Haubebwi. Umelowa mara nyingi huo mji. Wanachora alama kwa ukuta, wanatoa matope, wanafungua duka."

"Kama sisi tulivyohama?"

"Kama sisi tulivyohama."

Wendy aliiachia aproni. Kisha akanyoosha mkono. "Lete simu. Nimuulize kama haragwe yake imelowa."

Ndiyo mara ya kwanza alipoongea na mama yake mpaka salio likaisha.

Kwa hiyo Mwende alipokuja mwezi wa nane, kila mtu alidhani kazi imekwisha. Murugi alipiga vigelegele barabarani, malori yakapunguza mwendo. Mwende alikuwa mnene kidogo, wa kupendeza, ananukia sabuni ya mbali. Alichuchumaa mbele ya kibanda akafungua mikono.

Wendy alimtazama kutoka juu mpaka chini. Yule wa kwenye simu alikuwa uso. Huyu alikuwa na miguu, na kivuli, na sanduku.

"Hujambo, madam," alisema, kama wanavyomsalimu mwalimu chekechea, akaingia nyuma ya aproni ya Katunge.

Mikono ya Mwende ilibaki wazi kidogo, halafu akaishusha akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Siku zikaenda. Mtoto alikula chokoleti, akavaa koti jipya kwenye jua la mchana, akasema asante madam. Mwende akimshika mkono, ulikuwa mkono uliolegea. Asubuhi moja, mama na binti wakiosha sufuria, Mwende alisema bila kuinua macho:

"Mama, tunaondoka Jumatatu. Sitambeba akilia. Nimeona watoto wakibebwa hivyo kwa ndege, na siwezi. Asiponikubali, nitamwacha na wewe."

"Tuache maneno ya kuacha," Katunge alisema.

"Nakuambia tu ujue."

Sasa alijua. Akamaliza kusugua sufuria, akaisugua tena.

Jumamosi ni siku ya magari mengi. Murugi alikuwa amezungukwa na wateja, Katunge ana samaki sita karaini, na dereva mmoja wa Nyeri amesimama akihimiza. Mwende alikuwa ameketi juu ya kreti akipara magamba, vibaya, maana mikono ilikuwa imesahau. Nyuma ya kibanda Wendy alikuwa akiutengeneza mji wake peke yake, anazungumza na nyumba. Alichukua tofali, akaliweka katikati.

Mwende alijaribu kunyamaza. Ilionekana anajaribu.

"Hiyo ngome haikai hapo," alisema mwishowe.

"Inakaa."

"Iko ng'ambo ya Donau, juu kwa kilima. Kati ya Donau na Ilz. Askofu alikuwa anataka kuwaangalia watu kutoka juu."

"Wewe umejuaje?"

"Si nakaa hapo? Nikifungua dirisha naiona."

"Mama alisema inakaa hapa." Wendy aligeuka, mikono imejaa udongo, na akaita ili mambo yaishe: "Mama! Si inakaa hapa?"

Katunge alikuwa ameiona ngome hiyo kwenye picha za Mwende tangu mwezi wa sita, iko ng'ambo, juu ya kilima chake. Hakuwahi kuihamisha. Mtoto alikuwa ameshazoea kumwamini, na yeye alikuwa ameshazoea kuaminiwa.

"Samaki, Mama Mwende," dereva alisema.

"Ngoja wewe." Aliinua karai kutoka motoni, akaliweka chini, ili asiwe na la kusingizia. "Wendy. Mama yako anasema ukweli. Mimi nilikosea, sijawahi kufika huko. Mimi ni shosho yako. Mama yako ni huyu, na ndiye anayekaa hapo. Muulize yeye."

Murugi aliacha kupanga parachichi.

Wendy alimtazama Katunge, akamtazama Mwende, akarudi kwa Katunge. Haikuwa habari ngeni kabisa kwake. Watoto husikia mengi chini ya meza. Ila hakuwa ameambiwa na aliyepaswa kumwambia. Aliliinua tofali likamshinda nusu.

"Sasa iende wapi?" aliuliza, na swali lilienda katikati yao wawili, bila jina.

Mwende alishapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya safari. "Huku. Ni nzito, shika huo upande."

"Nimeshika. Inua basi!"

Waliliinua. Juu ya Donau likawaponyoka, likavunja ukingo, na maji mekundu yakaingia mjini yakaondoka na nyumba ya waridi.

"Ona sasa! Umemwaga mto!"

"Ni wewe umeachilia!"

"Ni wewe! Mkono yako ni laini!"

"Yangu ni laini? Hii yako je, kama uji?"

Wendy alicheka, kile kicheko cha puani ambacho hakuwa akipenda watu wakisikie, na akamrushia mama yake bonge la udongo begani. Wakainama wote wawili kuziba ukingo, vichwa vikigusana, wakigombania nani anajua na nani hajui.

Katunge alirudisha karai motoni. Akampa dereva samaki wake, akampa chenji, akasahau chumvi, akaitwa akaongeza chumvi.

"Shosho!"

Aliendelea kugeuza samaki.

"Wewe, unaitwa," Murugi alisema kwa upole ambao hakuwa nao siku nyingine.

"Shosho! Maji imeisha!"

"Kuja uchukue," Katunge alijibu.

"Tuletee! Tuko na kazi!"

Katunge alimpa Murugi mwiko, akachukua mtungi wa njano, akashuka mtoni.